Bakuli jeusi la Jianyang na ile chai nyeupe iliyolizaa

Mpe mtu bakuli jeusi la chai la Jianyang, kule China, alishike mkononi, halafu mwambie kuna lingine la aina hiyohiyo, la zama za wafalme wa Song, liliuzwa mnadani Christie's New York mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 11. Ataligeuza na kuligeuza akitafuta hiyo hela imekaa wapi. Maana halina ua, halina joka, halina ndege wala mstari wa bluu. Ni jeusi, zito kuliko ulivyotegemea, kitako kimeachwa udongo mtupu, na ukipitisha kidole kwenye mdomo wake unahisi panakwaruza kidogo. Wengi wakishasikia bei ndo wanaanza kusema aah, kumbe ndani kuna nyota, na kweli ukilipeleka juani unaona vitu vinawaka mle ndani. Lakini mi naona ukianzia kwenye nyota bakuli lenyewe linakupita. Hiki ni chombo cha kazi. Weusi wake, uzito wake, ule mfereji mdogo chini ya mdomo, vyote vilikuwepo kwa ajili ya namna moja tu ya kunywa chai, na ile namna ilipokufa bakuli nalo likafa nayo.

Mimi niliyapendea Guangzhou haya mabakuli, kule soko la chai la Fangcun, ambako ukienda na mtu anayefahamika na wenye maduka hamuanzi na bei, mnakalishwa kwanza, mnamiminiwa chai, mnamiminiwa tena, biashara inakuja yenyewe baadaye. Mzee mwenye duka alikuwa na kabati zima la vyombo vya kung'aa, vyeupe, vya kijani, vya bluu, na kwenye rafu ya chini kabisa haya meusi. Akanipa moja, akanishika kidole changu cha shahada akakipitisha taratibu ndani, inchi hivi chini ya mdomo, mpaka nikahisi ule mfereji. Hakusema kitu. Nilirudi hotelini nikiwaza mfereji wa nini, na kuanzia hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata kuhusu haya mabakuli, na kila nikisoma mapenzi yanazidi.

Sasa ili uelewe mfereji lazima uelewe chai ya wakati ule. China ya Song, yaani mwaka 960 mpaka 1279, watu hawakuwa wanatumbukiza majani kwenye maji ya moto kama leo. Majani yalichumwa, yakapikwa kwa mvuke, yakakamuliwa, yakapondwa, yakashindiliwa kwenye kalibu yakawa vipande vya duara vilivyoshikamana, yakakaushwa kwa moto. Vipande vilivyosifika kuliko vyote vilitoka bustani za Beiyuan, eneo la Jian'an, kaskazini ya mkoa wa Fujian, na hizo zilikuwa bustani za mfalme, chai yake ilipigwa mihuri ya joka na ndege ikapelekwa ikulu. Ukitaka kunywa unavunja kipande, unaponda, unasaga mpaka uwe unga laini kabisa, unachekecha, ndipo unautia kwenye bakuli. Unaweka maji ya moto kidogo unakoroga iwe rojo, halafu unaongeza maji huku unapiga kwa kipekecho cha mianzi, unaongeza unapiga, unaongeza unapiga. Mfalme Huizong, ambaye aliandika mwenyewe maelezo ya chai mwaka 1107, anataja maji yakiongezwa mara 7, na kila mara mkono unapiga kivyake, mara polepole mara kwa nguvu, mpaka juu linasimama povu jeupe zito kama tui la kwanza.

Jeupe. Hapo ndo penyewe. Chai iliyotukuzwa ilikuwa ile inayotoa povu jeupe, na watu walishindana, siyo ikulu tu hata mitaani, kila mtu na bakuli lake, wanaangalia povu la nani linang'ang'ania ukingo muda mrefu. Povu likianza kuachia linaacha alama ya maji kwenye ukuta wa bakuli, na ambaye alama yake imetokea mapema huyo kashindwa. Sasa niambie, shindano kama hilo utalifanyia kwenye bakuli jeupe? Utaona nini?

Cai Xiang alilisema hili mapema kabisa, katikati ya karne ya 11. Huyu alikuwa afisa wa serikali mzaliwa wa Fujian, mmoja wa mabingwa wa mwandiko wa brashi wanaoheshimiwa sana China, na ndiye huyohuyo aliyesimamia ujenzi wa daraja la mawe la Luoyang karibu na Quanzhou, lililomalizika mwaka 1059, mpaka leo lipo. Kwenye andiko lake la chai anasema chai ni nyeupe kwa hiyo bakuli linalofaa ni jeusi, kwamba yale ya Jian'an, ndo haya ya Jianyang, yana weusi wenye michirizi ya manyoya ya sungura, ukuta wake ni mnene kidogo na ukilipasha moto linakaa na joto muda mrefu, ya sehemu nyingine ama membamba ama rangi haifiki, na yale meupe ya kijanikijani washindani wenyewe hawayagusi. Yaani mtu wa miaka karibu 1000 iliyopita anakupa sababu moja moja kama fundi. Hasemi ni mazuri. Anasema yanafaa.

Na ukilishika bakuli huku unajua hayo, kila kitu kinakaa mahali pake. Unene ni wa joto, kwa sababu bakuli likiwa la baridi unga wa chai unazama na povu halisimami, ndio maana Cai Xiang anataka lipashwe kabla hujatia chochote. Mdomo mpana na chini pamebana ni ili kipekecho kipate nafasi ya kutembea. Na ule mfereji nilioshikishwa kidole Fangcun una kazi mbili, unakuonyesha maji yaishie wapi, na ukiwa unapiga kwa nguvu wimbi la chai likipanda ukutani linagonga pale linarudishwa ndani, halimwagiki. Mi nimejaribu nyumbani na matcha, ile chai ya unga ya Kijapani, ambayo ni ndugu wa karibu wa ile chai ya zamani, na kwa kweli ukipiga kwenye bakuli la kawaida la mezani meza inalowa, ukipiga kwenye hili unapiga kwa hasira kabisa na meza inabaki kavu.

Tuje kwenye udongo na moto sasa, maana hapa ndo penye utamu.

Matanuri yalikuwa Shuiji, mji mdogo wa Jianyang, na udongo wa vilima vile umejaa chuma. Ukichomwa unakuwa mweusi-mweusi, mgumu, ukiugonga unatoa mlio wa kitu kizito. Ile glezi, yaani ule mpako unaogeuka kioo kwenye moto, nayo imetengenezwa kwa udongo na mawe ya palepale yenye chuma pamoja na majivu ya kuni. Hakuna rangi iliyonunuliwa mbali, hakuna brashi. Fundi anashika bakuli kwa kitako analichovya kichwa chini, anatoa. Ndo maana kitako kimebaki kitupu, pale ndipo vidole vilipokuwa.

Halafu ukiangalia vizuri upande wa nje, glezi haifiki chini. Inaishia juu ya kitako kwa mkunjo mnene, na mara nyingi sehemu moja imetengeneza tone lililoning'inia likagandia hapohapo. Hilo tone mi nalipenda kuliko nyota zote. Kwenye nyuzi joto karibu 1300 glezi hii inatiririka, inashuka, mdomoni inabaki nyembamba mno (ndo ule mkwaruzo, na ndo maana mdomo una rangi ya kutu, na baadhi walikuja kuuvika ukingo wa fedha au madini mengine), huku chini inajikusanya. Ikishuka zaidi kidogo inagusa kile bakuli linachokalia, bakuli linanatia humo, basi, kazi imeharibika. Kwa hiyo fundi anaacha nafasi, na tone linakuonyesha alikuwa karibu kiasi gani na hasara. Ukienda kwenye vile vilima unakuta magae kila mahali, marundo kwa marundo, vyombo vilivyoshikana, vilivyopinda, vilivyopasuka. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, na Shuiji waliacha magae ya kutosha kufunika mlima.

Tanuri lenyewe Wachina wanaliita la joka, kwa sababu ni refu linapanda mlima. Waakiolojia wamechimbua moja pale Shuiji lenye urefu wa zaidi ya mita 130. Fikiria urefu huo, mita 130 za matofali zinapanda mteremko, moto unawashwa chini, joto linapanda lenyewe, na pembeni kuna matundu ya kuongezea kuni njia nzima. Kila bakuli limefungiwa peke yake ndani ya kasha la udongo ili majivu yasilidondokee. Maelfu kwa maelfu ya makasha, na hakuna hata moja unaloweza kuchungulia ndani. Lililokaa huku linapata moto mkali, lililokaa kule linapata moshi zaidi, la katikati linapoa taratibu kuliko la pembeni. Udongo uleule, glezi ileile, mkono uleule, na yakitoka hayafanani.

Kinachotokea mle ndani sasa hivi tunakijua kiasi. Glezi ikishafika joto kali, chuma kilichomo kinaachia oksijeni, oksijeni inatengeneza mapovu, mapovu yanapanda juu yakiwa yamebeba chuma, yanapasuka usoni na kukiacha chuma pale. Joto likishuka kwa wakati wake, chuma kinaganda kuwa fuwele na unapata madoa ya mviringo yanayong'aa, wenyewe wanayaita matone ya mafuta. Ukichelewa kidogo tu, glezi ikaendelea kutiririka, yale madoa yanavutika kwenda chini yanakuwa nyuzi nyembamba za kahawia au fedha, ndo manyoya ya sungura hayo. Kwa hiyo doa na unyoya ni kitu kimoja kilichokamatwa kwa wakati tofauti. Manyoya ni mengi, matone ni adimu, na sababu ni hiyo tu, muda wa kukamata tone ni mfupi mno kwenye tanuri la kuni ambalo huwezi kulizima kwa swichi.

Mwaka 2014 watafiti wa China, Ufaransa na Marekani walichapisha matokeo baada ya kupima vipande vya mabakuli haya kwa miale ya eksirei yenye nguvu kubwa, sehemu ya kazi ikifanyika kwenye maabara ya taifa ya Berkeley huko California. Walichokikuta usoni mwa glezi ni aina ya oksidi ya chuma inayoitwa epsilon, ambayo wanasayansi wa leo wanaihangaikia kwa sababu ya tabia zake za sumaku lakini kuitengeneza ikiwa safi, ya kutosha, yenye fuwele kubwa, inawashinda. Mafundi wa Shuiji walikuwa wanaipata kwa udongo wa mlimani na kuni za misonobari. Nilisoma ile habari usiku nikashindwa kulala, nikaamka nikawasha taa niliangalie bakuli langu, ambalo ni la kisasa wala si la bei kubwa, lakini limetengenezwa kwa udongo wa kulekule.

Juu ya matone na manyoya kuna daraja la tatu, ambalo Wajapani wanaliita yohen. Hapo madoa yamezungukwa na mwanga wa bluu na zambarau unaobadilika ukisogeza kichwa. Yaliyobaki mazima yanayokubalika na wote ni 3, na yote yako Japani, moja makumbusho ya Seikado Tokyo, moja makumbusho ya Fujita Osaka, moja hekalu la Daitoku-ji Kyoto, na yote 3 ni hazina za taifa kisheria. China kwenyewe hakuna zima hata moja. Mwaka 2009 Hangzhou, mji uliokuwa makao ya ufalme wa Song ya Kusini, lilipatikana lililovunjika, limekosa kipande kikubwa, na hata hivyo ule mwanga bado umo.

Yalifikaje Japani ni stori ya watawa. Vijana wa Kijapani walikuwa wanavuka bahari kusoma Ubudha kwenye mahekalu ya Zhejiang, mengine kwenye mlima Tianmu, kule wakajifunza na kunywa chai, wakirudi wakarudi na mabakuli, na jina la ule mlima kwa matamshi yao, tenmoku, ndilo dunia nzima inalotumia mpaka leo. Baadaye wafanyabiashara nao wakaingia. Kuna meli iliyozama mwaka 1323 karibu na Sinan, Korea, ikitoka Ningbo kwenda Japani na maelfu ya vyombo, na kati ya mzigo walikuta mabakuli ya Jian, yaani haya ya Jianyang, ambayo baadhi yalishatumika tayari, yana mikwaruzo ndani. Yaani hata wakati ule tayari yalikuwa vitu vya zamani vinavyotafutwa.

Hapa nitoke njia kidogo maana najua kuna atakayeuliza, mbona sisi pwani hatuyajui. Vyombo vya Kichina tunavijua sana, ila vingine. Ukienda makaburi ya Kunduchi au ile nguzo ya Mambrui, au ukiangalia vilivyochimbuliwa Gede na Kilwa, unakuta vya kijani vya Longquan na baadaye vyeupe na bluu, vingi vilipachikwa ukutani, na vingine vimeshang'olewa yamebaki matundu. Na Ibn Battuta aliyefika Kilwa mwaka 1331 anasimulia pia kufika Quanzhou, bandari ya Fujian hiyohiyo, na kule akakuta Waislamu wana mtaa wao. Kwa hiyo njia ilikuwepo. Ila mi naona chombo cha kupachika kaburini au msikitini kinachaguliwa kwa kung'aa kikiangaliwa kwa mbali, na bakuli la Jian ukiliangalia kwa mbali ni doa jeusi. Hilo linataka uliinamie uchungulie ndani, na linataka ile chai, na ile chai huku haikuja.

Sasa lilikufaje. Mwaka 1391 mfalme Hongwu, mwanzilishi wa ukoo wa kifalme wa Ming, aliyezaliwa kwenye umaskini wa kijijini, aliamuru chai ya vipande isitengenezwe tena kwa ajili ya ikulu, watu walete majani tu, kwa sababu ile kazi ya kusaga na kushindilia iliwaumiza wakulima. Kwa wakulima ni amri nzuri, siwezi kuilaumu. Lakini angalia ilichofanya kwenye vyombo. Chai ikawa majani ndani ya maji, haina povu, rangi yake ni kijani kidogo au dhahabu, na uzuri wake ni kuona hiyo rangi. Weka chai hiyo kwenye bakuli jeusi uone, huoni kitu. Ndipo birika dogo na kikombe cheupe cha mji wa Jingdezhen vikatawala, na ndivyo ambavyo wengi wetu tukisema chombo cha chai cha Kichina vinatujia akilini. Matanuri ya Shuiji yalikuwa yameshadhoofika kabla ya hapo, kufika Ming yakanyamaza, misitu ikaota juu.

Nyumbani kwake lilisahaulika kiasi kwamba yakaja maswali yale mabakuli yaliyoko Japani yalitengenezwa wapi hasa. Mwaka 1935 Mmarekani James Marshall Plumer, aliyewahi kufanya kazi kwenye forodha ya China, alifika Shuiji akakuta yale marundo ya magae na makasha, na mengine yana chapa za kuonyesha yalikuwa mzigo wa ikulu. Kulitengeneza tena ikachukua muda zaidi, kikundi cha wataalamu wa Beijing na Fujian walianza majaribio mwaka 1979 na mwaka 1981 manyoya ya sungura yakapatikana. Mwaka 2011 ufundi huu ukaingizwa kwenye orodha ya taifa ya urithi wa China, na leo Jianyang imejaa karakana, nyingi zinatumia oveni za umeme, chache bado zinachoma kwa kuni na bei zake ni nyingine kabisa.

Kuna wanaouza haya mabakuli kwa kusema chuma chake kinaingia kwenye maji na kutibu hiki na kile. Hapo sikubaliani nao, glezi ni kioo, na chuma kimefungwa humo. Kinachobadilika ni joto linalokaa, na hilo linatosha sana.

Ukiwa Guangzhou au ukiagiza kwa mtu, mwambie unataka la umbo la mfereji, mdomo sentimita 12 hivi, siyo vile vikombe vidogo vya maonyesho. Pindua uangalie kitako, kiwe udongo mtupu mweusi, na glezi iishie kwa mkunjo mnene usiokatwa kwa mashine. Ndani ukipitisha kidole usihisi kama kuna rangi imepuliziwa juu, zile za kumetameta rangi zote za upinde kwa bei ya bure mara nyingi zimepuliziwa. Ukifika nalo nyumbani lipashe kwa maji ya moto umwage, weka unga wa matcha kijiko kidogo, maji kidogo uwe rojo, halafu ongeza huku unapiga mpaka kwenye mfereji, usivuke hapo. Povu la matcha litakuwa la kijani maana Wajapani wanaifunika mimea kivulini kabla ya kuchuma. Kama unataka lile jeupe itabidi utafute chai nyeupe ya Fujian uisage mwenyewe, inachosha mkono, na mi ndo ninayokunywa sasa hivi.